Bo

Mwaka ule wa mawe mekundu, kule Winza,
nilijifunza Kithai kwa bei.
Prasit alikalia ndoo iliyopinduliwa,
tochi mdomoni, kibano mkononi,
akinipa maneno moja moja kama njiti za kiberiti:
thaorai, shilingi ngapi;
phaeng, ghali;
hin, jiwe;
daeng, ile rangi iliyotutoa wote makwetu.
Sikuuliza mvua wanaiitaje.
Mawe yalipokwisha akaondoka,
nikabaki na Kithai cha mtu anayelalamikia bei.

Sasa Ndahani ametuletea mkamwana kutoka Savannakhet.
Chanthala ameketi jikoni kwetu Nzuguni,
upepo wa Julai unapiga mabati,
naye anaviringa tonge la ugali wa uwele
kwa vidole vitatu, bila kuonyeshwa.
Kwao, anasema, wali hunata, huliwa hivi hivi.
Mke wangu alipoliona lile tonge
akaacha kutafuta kijiko.

Nikajitia ujuzi. Nikamwaga Kithai changu chote.
Akasikiliza hadi mwisho, kwa adabu.
Anakielewa: amekua na televisheni ya ng'ambo ya mto.
Sisi tunawaelewa, alisema, wao hawajisumbui.
Nikamwambia hilo usinifundishe, mwanangu.
Kigogo changu kinaelewa kila neno la redio;
redio haijaelewa Kigogo hata siku moja.

Basi tukaanza upya, mimi na daftari la mistari.
Thaorai ikawa thaodai; hapo sikushtuka.
Lakini ruean, nyumba, ikawa huean,
rao, sisi, ikawa hao.
R imeondoka, akasema, imebaki pumzi.
Nikacheka mpaka nikakohoa.
Darasa la tatu nilichapwa kwa herufi hiyo,
niliposimama nikasema nimesahau karamu yangu nyumbani.
Kalamu! akasema mwalimu, na fimbo. Kalamu!
Kumbe iko nchi iliyoitua r chini
na watu wakaendelea kujenga nyumba.

Herufi nazo. Kithai, anasema, hubeba nyingi zisizotamkwa,
kama majina ya marehemu kwenye kadi ya mchango.
Kilao kimezifuta: usikiacho ndicho uandikacho.
Hapo nikajiona niko nyumbani,
mpaka nilipoomba mkeka.
Sua, nikasema, kwa mizani ya Prasit.
Chanthala akatazama mlangoni.
Nilikuwa nimeomba chui milia.
Nikarudia: safari hii nikapata shati.
Mke wangu akautandika mkeka bila kuuliza lugha.

Neno lililonikalisha kimya ni fupi kuliko yote.
Bo.
Hilo Prasit aliniachia: shimo, machimbo.
Tulishinda ndani ya bo, tukalala ukingoni mwa bo,
mdogo wangu Chilewa alifukiwa kwenye bo ya tatu kutoka mtoni
na hatukumtoa.
Kwa Kilao pia ni hivyo, akasema Chanthala,
shimo, au kisima.
Na pia ni hapana.
Sauti ile ile? Ile ile.
Andiko lile lile? Akaniandikia mara mbili, yasitofautiane.

Miaka miwili niliinama juu ya lile shimo nikiita,
nalo likinijibu kwa jina lake.

Sikumwambia. Alikuwa ameshafika mbele,
ananionyesha kuwa ukiliweka mwisho wa sentensi
neno hilo hilo linageuka swali.
Kin khao laeo bo?
Ndivyo anavyoita kila jioni, sufuria ikiwa bado motoni,
umeshakula?
Bo, ninajibu, kwa fahari ya mwanafunzi.
Anatikisa mwiko.
Si bo, baba. Ukiulizwa hivyo, sema yang.

Yang.
Nimeiandika pembeni, kwa kalamu nyekundu:
bado.